Jinsi ya kusawazisha kipimio cha mguso kwenye mashine ya CNC

Katika karakana za Lubumbashi zinazochonga upya mashimo ya beringi na vipuri vya pampu za migodini, kipimio cha mguso hufungwa kwenye spindeli (sehemu inayozunguka na kushika zana) ya mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, kisha mashine hutafuta yenyewe kingo na kitovu cha kipande. Hata hivyo, namba inayotokea kwenye skrini haiwezi kuwa sahihi kuliko usawazishaji uliotangulia, na kazi hiyo haistahili kuharakishwa.

Katika muundo uliobuniwa na mhandisi David McMurtry mwaka 1972, alipohitaji kupima mabomba ya mafuta ya injini za ndege ya Concorde, springi huikalisha sindano (shina lenye tufe dogo la rubi nchani) juu ya vigusano ambavyo umeme hupita. Tufe hilo likigusa chuma, sindano huinuka kidogo, ukinzani wa umeme hupanda, na mashine hurekodi mahali ilipo. Kwa kuwa shina hupinda kidogo kabla ya ishara kutoka, tufe la milimita 6 huonekana kwa mashine kuwa dogo kuliko lilivyo. Kipenyo hicho kilichopungua ndicho kinachotafutwa, kwa hiyo usiingize 6.000 kwa mkono.

Chagua sindano fupi na nene kadiri kazi inavyoruhusu. Weka saa ya kupimia (kifaa chenye mshale unaoonyesha mwendo mdogo sana) ubavuni mwa tufe, zungusha spindeli kwa mkono, na urekebishe skrubu hadi mshale usicheze zaidi ya milimita 0.01. Kisha funga mezani pete ya kupimia ambayo kipenyo chake kimeandikwa kwenye cheti, ifute vizuri pamoja na tufe, tafuta kitovu chake kwa saa hiyohiyo, ndipo uendeshe programu ya usawazishaji. Spindeli ielekezwe upande uleule kila mara, na mguso wa mwisho uwe wa polepole, kwa kasi ileile utakayoitumia kupima kazi yenyewe. Ukibadilisha kasi, mwendo ule mdogo kabla ya ishara nao hubadilika.

Joto lisipuuzwe. Vipimo vya kimataifa hurejelea nyuzi 20 za Selsiasi, ilhali asubuhi za Julai mjini humu ni baridi na mchana hupata joto. Chuma cha pua kando, chuma cha kawaida hutanuka takriban mikroni (sehemu za elfu za milimita) 11 hadi 12 kwa kila mita kwa kila nyuzi 1, hivyo kipande cha milimita 500 kilichopata joto la nyuzi 10 zaidi huongezeka zaidi ya mikroni 50. Kiache kipoe kabla ya kukipima.

Rudia usawazishaji kila unapobadilisha sindano au inapogonga kitu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, rudisha kwanza mihimili ya mwendo wa mashine (X, Y na Z) kwenye sehemu yake ya rejeo, kisha ipime ile pete kama kipande cha kawaida. Ikitoa kipenyo tofauti na cha cheti, kagua uchafu kwenye tufe na kwenye koni ya kishikio kabla ya kugusa namba yoyote.