Kupiga picha za wadudu kwa kamera ya mkononi, lenzi ikiwa haina kitulizo cha mtikisiko

Wengi wanaoanza kupiga picha za makro, yaani za vitu vidogo kwa karibu sana, hulaumu lenzi zao kuukuu kwa kukosa kitulizo cha mtikisiko, na lawama hiyo kwa sehemu kubwa si ya haki. Kitulizo hurekebisha kamera inapoinama au kugeuka pembeni. Lakini ukimkaribia mdudu mpaka sura yake kwenye kihisi, yaani kibao kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ilingane na ukubwa wake halisi, kinachoharibu picha mara nyingi ni mwili wako kuyumba mbele na nyuma, jambo ambalo kitulizo hakiwezi kulizuia. Katika ukubwa huo, kwa kihisi cha fremu kamili (kilicho sawa na filamu ya milimita 35) na tundu la lenzi la f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), sehemu inayoonekana kwa ukali ina kina cha takriban milimita moja tu, kwa hiyo pumzi moja yatosha kulipoteza jicho la nzi.

Basi anza kwa kuzima fokasi ya kujiendesha. Weka lenzi kwenye ukubwa unaoutaka na usiizungushe tena. Fokasi itafute kwa kusogeza kiwiliwili mbele polepole, na ubonyeze kitufe pale jicho la mdudu linapokaribia kukolea, kwa maana kidole daima huchelewa kidogo. Piga picha tatu au nne mfululizo katika kila msogeo, ukijua kwamba nyingi utazifuta.

Namna ya kujiegemeza ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote. Viwiko vibane mbavuni, au piga goti moja na uegemeze kiwiko juu ya goti la pili. Mdudu akiwa kwenye jani au kijiti, shika shina lake kwa vidole vya mkono wa kushoto, kisha laza lenzi juu ya mkono huohuo: hapo upepo ukivuma au wewe ukiyumba, mdudu na kamera vitakwenda pamoja, na umbali baina yao hautabadilika sana. Mbinu hii haifai kwa maji moto, wale chungu wa rangi ya kahawia nyekundu wanaoshona majani ya miembe yetu kuwa viota, kwa kuwa watapanda mkononi na kukuuma kabla hujapiga picha ya pili. Kwao egemea shina la mti wa jirani.

Yanayobaki ni kazi ya mwanga. Lenzi inapokuza kiasi hicho, f/11 hupitisha mwanga kama f/22 hivi, na kivuli cha mwembe hakiwezi kukupa mwanga wa kutosha. Tumia flashi: kasi ya shata (muda ambao kihisi hupokea mwanga) sekunde 1/200, ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) 100 au 200, tundu f/8 hadi f/11, na nguvu ya flashi karibu 1/16 ya nguvu yake yote. Mwako wa nguvu ndogo namna hiyo hudumu kwa muda mfupi mno, mfupi kuliko kasi yoyote ya shata utakayoipanga hapo, na huo ndio unaogandisha mtikisiko. Usizibe tundu hadi f/22 kwa tamaa ya kina, kwani mwanga hutawanyika na picha nzima hupoteza ukali. Ili kuulainisha mwanga, kata kipande cha dumu jeupe la plastiki na ukifunge mbele ya flashi, kiwe karibu na mdudu kadiri iwezekanavyo. Dumu la njano, ambalo ndilo limejaa mitaani kwetu, litakupa wadudu wenye manjano. Usuli ukitoka mweusi, tafuta pembe ambayo kuna jani jingine sentimita chache nyuma ya mdudu.

Asiye na flashi afike mapema. Hapa Dar es Salaam, katika Bustani ya Mimea iliyoko katikati ya jiji, au kwenye msitu wa Pugu, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi wadudu wengi huwa bado wazito na upepo wa bahari haujapanda, hasa nje ya miezi ya kusi, ule upepo wa kutoka kusini. Pandisha ISO hadi 1600 au zaidi, kasi ya shata isishuke chini ya 1/500, na ukubali nusu ya ukubwa halisi, ambapo kina cha fokasi huongezeka karibu mara tatu. Kabla ya kuondoka, kuza kila picha kwenye skrini mpaka uone jicho, kwa sababu kwenye skrini ndogo kila picha huonekana kali.