Maradhi ya muda mrefu na kazi: usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujadai haki yako

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Tanga, kituo changu kiko Ngamiani. Wanaonijia ni watu wa viwandani, bandarini na wa mashamba ya mkonge. Huyu figo, yule kisukari, mwingine kiharusi kimemwacha mkono hauinuki. Karibu wote wanafika na swali lile lile: "Mwanangu, si bora niandike tu barua ya kuacha kazi nikapumzike?"

Usiandike. Nimelitanguliza hili kwa sababu ndilo linalowakosesha wengi haki zao. Ukiacha kazi mwenyewe, malipo ya likizo ya ugonjwa yamekatika, michango ya NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, imesimama, na kila mwezi unaopita unakusogeza mbali na pensheni ya ulemavu. Fuata hatua hizi kwanza.

Ninayoandika yanamhusu mwajiriwa wa sekta binafsi, Tanzania Bara. Mtumishi wa umma yuko PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, na taratibu zake ni nyingine.

Hatua ya 1: Jua maradhi yametoka wapi

Kama umeumia kazini, au ugonjwa umetokana na kazi yenyewe, kwa mfano kifua kilichoharibiwa na vumbi ulilovuta miaka na miaka, mlango wako ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Michango ya mfuko huu anatoa mwajiri peke yake, hukatwi wewe. Mtaarifu mwajiri kwa maandishi mara moja, maana madai yana ukomo wa miezi 12. Kama ugonjwa haukutokana na kazi, endelea chini.

Hatua ya 2: Tumia likizo ya ugonjwa yote

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 126 za ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza unalipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata unalipwa nusu. Anayepokea shilingi 400,000 kwa mwezi atashuka hadi 200,000, lakini bado ni mwajiriwa. Sharti ni cheti cha daktari aliyesajiliwa. Mwajiri hawajibiki kukulipa siku zisizo na cheti, kwa hiyo "nilimpigia simu msimamizi" haitoshi.

Kila cheti unachopeleka, kitoe nakala. Nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi, tarehe isomeke. Ofisi moja iliwahi kumwambia mteja wangu kwamba haikupokea karatasi yoyote kwa miezi miwili, na hakuwa na nakala hata moja. Tulihangaika naye mno.

Hatua ya 3: Hesabu michango yako

Pensheni ya ulemavu ya NSSF inataka mambo mawili. La kwanza, uwe umepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wako wa kujipatia kipato, na jopo la madaktari lithibitishe hivyo. La pili ni michango: ama uwe umechangia miezi 180, yaani miaka 15, ama angalau miezi 36, na katika hiyo 12 iwe ya kipindi kilichotangulia moja kwa moja kupata ulemavu.

Irudie hiyo sentensi ya mwisho taratibu. Mtu ana miaka minane ya michango, anaacha kazi kwa kuugua, anakaa nyumbani miaka miwili akitumia dawa za miti shamba, hali inazidi, ndipo anakwenda kudai. Miezi ile 12 ya mwisho iko wapi? Hapo ndipo wengi wanaanguka, wakabaki na malipo ya mkupuo badala ya pensheni ya kila mwezi. Ukiwa kwenye likizo yenye malipo, mshahara unaendelea kukatwa na mchango unaendelea kuingia.

Basi nenda NSSF ukaombe taarifa ya michango yako, uilinganishe na hati za mshahara mwezi kwa mwezi. Ukikuta mwezi umekatwa kwenye mshahara lakini haumo kwenye taarifa, toa malalamiko hapo hapo, ukiambatanisha hati hiyo. Kumpa mwajiri nafasi ya "tutalishughulikia" ni kupoteza muda ambao mgonjwa hana.

Hatua ya 4: Barua ya daktari iseme kazi, siyo ugonjwa tu

Hapa ndipo ninapotumia nguvu zangu nyingi. Jina la ugonjwa pekee halikupi pensheni. Wako wenye kisukari wanaofanya kazi hadi kustaafu. Kinachopimwa ni uwezo wa kazi uliopotea.

Mzee mmoja alikuwa fundi kwenye korona, ile mitambo ya kusaga mkonge. Barua yake ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja: "Ana kisukari, apumzike." Nikamwambia, baba, nieleze asubuhi yako. Akasema kandambili humvuka njiani asijue, mpaka mtoto amwite, "Babu, kiatu!" Baiskeli ameiacha kwa kuwa mguu hauhisi pedali. Akavua soksi: kidonda chini ya kidole gumba, kikubwa kama sarafu, na yeye hana habari nacho hata kidogo.

Yote hayo tuliyaandika kwenye karatasi ya daftari, akampelekea daktari wake wa kliniki. Barua ya pili ikasema hana hisia kwenye nyayo zote mbili, hawezi kusimama zaidi ya dakika 15, na haifai apande ngazi au akae karibu na mashine inayozunguka. Ugonjwa ni ule ule, ila barua hii jopo lina la kuifanyia kazi.

Nawe fanya hivyo. Wiki mbili mfululizo, kila jioni, andika ulichoshindwa siku hiyo: ndoo uliyoshindwa kuinua, ngazi uliyopumzika katikati, saa ulizolala baada ya kusafishwa damu. Kama huwezi kuandika, mtoto au jirani akuandikie.

Hatua ya 5: Mbele ya madaktari, usijikaze

Sisi tumelelewa kujibu "sijambo". Daktari anauliza, "Unaendeleaje, mama?" naye mama anajibu, "Alhamdulillahi, sijambo, mwanangu." Kwenye faili inaandikwa kwamba anaendelea vizuri. Mshukuru Mungu, kisha endelea: "Lakini jana nimeshindwa kufunga kanga kwa mkono huu." Nenda na mtu anayeishi nawe, maana yeye ameyaona usiyopenda kuyasema. Beba kadi ya kliniki, vipimo vyote, na dawa zenyewe kwenye mfuko.

Hatua ya 6: Ukiachishwa kazi kwa ugonjwa

Mwajiri anapaswa kukusikiliza na kutazama kama ipo kazi nyepesi unayoiweza kabla hajakuachisha. Asipofanya hivyo, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba 1, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Kama uko chama cha wafanyakazi, TUICO au TPAWU, mwambie kiongozi wa tawi siku hiyo hiyo. Wakikuletea karatasi ya "makubaliano ya hiari" wakitaka uisaini papo hapo, omba ukaisome nyumbani.

Pensheni ikishaanza, usikatishe kliniki hata ukijisikia nafuu. Ukiitwa kupimwa upya, kadi yenye mapengo ya miezi sita itakuletea maswali, na hutakuwa na karatasi ya kuyajibu.