Mteja siriasi au mzungukaji tu? Madalali wa Tanga someni hapa

Mwaka wa tisa huu nafanya udalali hapa Tanga mjini, na kinachotumaliza si kukosa wateja, wateja wapo, ni kuzungushwa. Unapanda boda kutoka Chumbageni hadi Mwahako, ukitoka hapo Pongwe, nyumba tatu kwenye jua la saa nane, mtu anapiga picha afu anakwambia "nitakucheki", ndo imetoka hiyo. Siku hizi sitoi mguu nyumbani mpaka nifanye haya.

Hatua ya 1: mhoji kwenye simu. Picha baadaye. Anataka kuhamia lini, ya kuishi au ya kupangisha, anaamua na nani? Mwenye nia anajibu fasta maana hayo ameshayawaza usiku mwingi. Asiye na mpango anakwambia "yoyote tu nzuri", sasa nzuri ya Raskazone na nzuri ya Makorora bei zake wapi na wapi jamani.

Hatua ya 2: hela inatoka wapi. Hapa ndo penyewe. Usiishie kuuliza bajeti, uliza kwa adabu, "samahani kaka, malipo ni keshi, mkopo, au kuna kitu unasubiria?" Kama ni mkopo ujue benki inataka nyumba yenye hati, ukimpeleka kwenye nyumba ya karatasi za serikali ya mtaa mnapotezeana siku hata kama kaipenda vipi. Mstaafu anayesubiri mafao ni siriasi ila hajaiva, muweke kwenye daftari umpigie kila mwezi. Anayeuza kiwanja kwanza ndo anunue, muulize kiwanja kimeshapata mteja? Kama bado, na yeye bado. Halafu asiye raia lisemwe mapema, Sheria ya Ardhi ya 1999 kwa kawaida haimruhusu kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, huyo aanzie kwa mwanasheria, mwenzangu mmoja alizunguka na mgeni wiki nzima kutafuta nyumba za upande wa bahari wakaja kukwama hapohapo.

Hatua ya 3: hela ya kuonyesha. Mi nachukua elfu kumi, akinunua naikata kwenye komisheni. Mtu wa milioni themanini hakugandi kwa elfu kumi. (Wale mnaoonyesha nyumba zilizouzwa kitambo ili mle hiyo elfu kumi, nyie ndo mnatuharibia jina.)

Hatua ya 4: mkifika saiti, funga mdomo uangalie. Anayesifia kila kitu mara nyingi hanunui. Anayeponda ndo wako, anafungua bomba aone kama maji yanatoka, anagonga ukuta, anauliza masika maji yanapita wapi na mwenye nyumba anauza kwa nini. Gari lisikubabaishe. Kuna mama alikuja na baiskeli yake, kaiponda nyumba mpaka nikachoka, kesho kutwa napita pale namkuta kasimama anapiga stori na jirani, wala hakuniambia kama anakuja, nikampigia mwenye nyumba palepale nikamwambia jiandae. Safari ya tatu alikuja na fundi. Mtu akirudi mwenyewe bila kuitwa hiyo ni dalili kuliko maneno yote.

Hatua ya 5: karatasi. Ataomba kopi ya hati akafanye sechi ardhi (kuhakiki ofisi ya ardhi nyumba ni ya nani), atauliza kama mke au mume wa muuzaji karidhia maana nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Usinune. Mpe siku kabisa, "Jumatano kwa mwanasheria", akianza kuikwepa mara msiba mara safari, ujue hela hamna.

Hatua ya 6: kianzio. Mwaka juzi jamaa aliniapia "usiiuze hiyo, ni yangu", nikafukuza wateja wawili, mwezi ukakatika simu hapokei, mwenye nyumba akampa dalali mwingine akauza ndani ya siku 4, na mimi sikuambulia hata soda. Toka hapo nyumba inabaki sokoni mpaka kianzio kiingie akaunti ya mwenye nyumba, pawe na maandishi na tarehe ya kumalizia. Na hiyo hela isipite mkononi kwako hata kwa dakika tano.