Pima Kabla ya Kununua Stata: Kutafuta Hitilafu ya Umeme Katika Mfumo wa Kuwashia Gari

Watu wengi hufika Gerezani, mtaa wa vipuri vya magari jijini Dar es Salaam, kutafuta stata nyingine (mota inayozungusha injini ili iwake) kabla hawajajua ni volti ngapi zinazoifikia ile ya zamani pale ufunguo unapozungushwa. Katika kazi ya umeme wa magari naona stata na betri nzima zikitupwa, ilhali kosa lilikuwa kwenye kibanio cha betri kilicholika au kwenye waya wa ethi, yaani unaounganisha upande hasi wa betri na bodi ya gari na injini. Kwa Dar es Salaam jambo hili lina sababu yake: hewa ya chumvi huozesha shaba haraka katika magari yanayolala Kigamboni, Msasani na Kunduchi, na maji ya masika huingia katika viungio vilivyo chini ya injini. Kinachohitajika ni mita ya dijitali, brashi ya waya, spana na mtu wa kukuzungushia ufunguo.

Kwanza weka gia kwenye P, au huru kwa gari la gia za mkono, funga breki ya mkono na uzuie magurudumu. Usiwashe moto karibu na betri, kwa kuwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Kwa injini ya petroli, chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa umeme wa kupuliza petroli) ili injini izunguke bila kuwaka wakati wa vipimo. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo; iache ipoe kwanza.

Hatua ya pili ni kusikiliza. Mlio wa haraka wa ta-ta-ta huonyesha kwamba volti zinaanguka mara tu mzigo unapoingia. Mlio mmoja mzito wa kugonga, kisha kimya, huelekeza kwenye solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) au mota ya stata, ingawa waya mbovu pia huweza kuuleta. Kimya kitupu, huku taa za dashibodi zikiwaka vizuri, mara nyingi humaanisha kwamba amri ya kuwasha haifiki kwenye stata. Stata ikizunguka peke yake bila kuzungusha injini, kwa kawaida tatizo ni la bendiksi (gia ndogo ya stata inayoshika meno ya injini), si la umeme.

Hatua ya tatu ni betri. Washa taa kubwa dakika moja au mbili, zizime, kisha pima. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikiwa chini ya 12 ichaji kabla ya kuendelea, kwa maana vipimo vinavyofuata vitakudanganya. Sasa pima injini ikizungushwa: betri nzima haitakiwi kushuka chini ya volti 9.6.

Hatua ya nne ndiyo ninayokusihi usiiruke, yaani kupima volti zinazopotea njiani. Weka ncha nyekundu ya mita juu ya nguzo chanya yenyewe ya betri, si juu ya kibanio, na ncha nyeusi kwenye boliti ya stata yenye namba 30, inayopokea waya mnene wa betri, kisha mwenzako azungushe ufunguo. Isizidi volti 0.5. Upande wa ethi, pima kati ya nguzo hasi na bodi ya stata; hapo isizidi takriban 0.3. Zikizidi, sogeza ncha kipande kwa kipande, kutoka nguzo hadi kibanio, kutoka kibanio hadi mwisho wa waya, kutoka bodi ya gari hadi injini, mpaka upate kipande kinachomeza volti hizo.

Usitumie kipimo cha omu kuamua hali ya waya huu mnene. Waya uliobakiwa na nyuzi chache utaonekana mzima kwenye omu, lakini stata ya injini ndogo huvuta takriban ampea 150, na ukinzani wa omu 0.01 tu hupoteza volti 1.5 kwa mkondo huo. Bila mzigo, hitilafu haionekani.

Kibanio chenye unga mweupe au wa kijani kitoe, ukianza na upande wa hasi, ukioshe kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, ukikwangue hadi shaba au risasi ing'ae, kisha ukikaze.

Kama nyaya ni salama na solenoidi inagonga, pima kati ya boliti ya 30 na boliti inayoingia kwenye mota, ufunguo ukiwa umeshikwa. Ukisoma karibu volti zote za betri, vigusio vya shaba ndani ya solenoidi vimeungua. Kwenye stata nyingi za Denso vigusio hivyo hubadilishwa peke yake, na ni kosa kununua stata nzima.

Kwa kimya kitupu, pima tamino ya 50, yaani kiungio kidogo cha solenoidi kinachopokea amri ya ufunguo. Ikikosa volti wakati ufunguo uko kwenye nafasi ya kuwasha, jaribu gia ya N, kisha kagua fyuzi, rilei, swichi ya gia au ya klachi, na swichi ya ufunguo; kwa gari la kitufe, kagua pia swichi ya breki. Ikipata zaidi ya volti 10, huku 30 na ethi zikiwa sawa, sasa stata ishushwe.

Rudisha fyuzi, washa injini na upime betri: altaneta, yaani jenereta inayochaji betri, itoe kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikibaki chini ya hapo, betri itaishiwa tena kwenye foleni ya jioni na dalili zilezile zitarudi, hata kama kila kiungio ulichogusa ni safi.