Kifundo cha mkono kikiuma baada ya kupiga begi la ndondi

Mara nyingi si nguvu ya ngumi inayoumiza, ni mkono kupinda unapogusa begi. Ngumi ya kuzungusha ndiyo korofi zaidi: ukitua na upande wa kidole kidogo, kifundo kinakunjika. Tua na vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, mgongo wa kiganja ukinyooka na mkono.

Bandeji ya kufunga mkono kabla ya kupiga iwe ya mita 4.5, zile fupi za watoto zinaishia vidoleni. Zungusha kifundoni mara tatu au nne, nenda kwenye vifundo vya vidole, kisha rudi umalizie kifundoni. Funga vidole vikiwa vimetanuliwa. Vikifa ganzi, umekaza mno.

Kikishauma, achana na begi, weka barafu ndani ya kitambaa dakika 15. Halafu inua kidole gumba, ubonyeze kile kishimo kinachojitokeza chini yake. Pakiuma, huenda skafoidi, mfupa mdogo wa kifundo upande wa kidole gumba, umevunjika, nao hupona kwa shida kwa kuwa damu huufikia kidogo. Kapige eksirei. Picha ya kwanza inaweza isionyeshe ufa. Maumivu yakibaki, irudiwe baada ya siku 10 hadi 14, na mkono ukae umefungwa usisogee muda wote huo.