Namna ya Kufuatilia Hati ya Kukamatwa Wilayani Kilolo

Mtu anayesikia kijijini kwamba mahakama imetoa hati ya kumkamata asikimbilie Makambako wala Mbeya kujificha, kwa kuwa hati hiyo haizeeki: hudumu mpaka itekelezwe au ifutwe na mahakama iliyoitoa.

Aanze kwa kuitambua mahakama yenyewe. Kama alipata wito wa maandishi, namba ya shauri na jina la mahakama vimo humo. Kama hakupata, amuulize karani wa Mahakama ya Mwanzo ya eneo lake, kisha wa Mahakama ya Wilaya, akitaja majina yake yote kama yalivyoandikwa kwenye kitambulisho, maana majina hufanana mno katika vijiji vyetu.

Hatua iliyo muhimu kuliko zote ni kufika mbele ya hakimu kwa hiari, akiwa na uthibitisho wa sababu iliyomzuia kufika alipoitwa, kama vile cheti cha hospitali, pamoja na wadhamini wenye vitambulisho na barua za mtendaji wa kijiji. Asiye na fedha za wakili amtafute msaidizi wa kisheria, ambaye anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Dhamana haiuzwi; anayedai hongo aripotiwe TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo.

Hati ikifutwa, aombe nakala ya amri hiyo na kuifikisha kituo cha polisi, la sivyo anaweza kukamatwa tena kwa karatasi ileile.