Ukishika wasifu wa mwandishi, usikubali kuingizwa mjini

Kabla hujafungua ukurasa wa kwanza angalia jina lililo kwenye jalada, alafu jiulize huyu aliyajuaje haya. Kama ni mke anasimulia habari za mumewe, na humo ndani kuna mambo aliyowaza mume akiwa mtoto mdogo wakati mke hata hajazaliwa, basi shtuka, kuna mkono mwingine ulioshika kalamu.

Mfano mzuri kuliko yote ni Thomas Hardy, yule Mwingereza wa riwaya na mashairi. Alifariki Januari 1928, mwaka huohuo kikatoka kitabu cha maisha yake na 1930 kikafuata cha pili, vyote kwa jina la mkewe Florence, kumbe mzee mwenyewe ndo alieandika karibu chote akiwa hai, kwake Dorchester, anajiita "yeye" kama vile anamuongelea jirani. Mke anapiga taipu, zile karatasi za mkono zikishapigwa zinachomwa. Akitaka kurekebisha kitu kwenye nakala ya taipu anabadilisha mwandiko (alisomea usanifu majengo huyu, kuchora herufi kwake mchezo) ili atakaezikuta asijue ni yeye. Sasa hesabu: Hardy kazaliwa 1840, Florence 1879. Utoto wa mzee bibie kauonea wapi? Sura za mwisho ndo alizimalizia Florence mwenyewe.

Ukishajua nani kaandika, tafuta moto ulipita wapi. Kitabu kikiwa kinanukuu madaftari ya zamani kila baada ya kurasa mbili, na tarehe juu, alafu ukiuliza madaftari yako wapi unaambiwa mengi yameshateketezwa, ujue umeletewa kilichochaguliwa tu. Angalia na ndugu. Baba yake Hardy alikuwa fundi mwashi, lakini ukoo wa watu wa kazi za mikono kitabuni unapitiwa harakaharaka, wakubwa aliokula nao chakula London ndo wamejaa. Hii tabia mbona hata huku Ngamiani, Tanga, tunaijua.

Alafu uliza toleo. Hardy akishafariki Florence nae akapitisha mkasi wake, akapunguza maneno makali kwa wahakiki na habari za Emma, mke wa kwanza, kwahiyo kuna msomaji aliesoma mzee aliyechujwa mara mbili, kwanza na yeye mwenyewe kisha na mjane. Mwaka 1984 msomi Michael Millgate akarudishia maandishi yalivyokuwa kabla ya mkasi. Ukipata hilo soma hilo.

Ila hatua ninayoiamini zaidi ni mashairi. Mtu anaweza kujipanga kwenye nathari, shairi linamsaliti. Emma alifariki 1912, na ndoa yao ilikuwa imeshapoa miaka mingi, lakini mashairi aliyomuandikia baada ya kifo chake yamejaa majuto ambayo kwenye wasifu huyapati hivo. Weka vitabu viwili mezani, soma mwaka mmoja huku na huku, pale vinapokataana ndo weka alama ya penseli.

Jaribu pia kwa mtu wetu, Shaaban Robert wa Vibambani, mzikwa Machui. Yeye Maisha Yangu kaandika kwa "mimi" waziwazi, na mkewe Amina alipofariki lile shairi la maombolezo kaliweka humohumo ndani ya kitabu cha maisha, hakulificha upande wa pili. Haina maana kasema yote, nani anasema yote, ila angalau unajua unabishana na nani.

Na kama mzee wa nyumbani kakuomba umuandikie maisha yake alafu kitoke kwa jina lako, mkubalie kuandika, hilo la jina mkatalie kwa adabu. Mrekodi kwa simu, faili usilifute. Ukurasa wa mbele andika "kama alivyosimulia mwenyewe" na tarehe. Akisema shangazi fulani aachwe, muache, lakini tia mstari kwamba kuna watu hawakutajwa kwa ombi lake. Karatasi zake za mkono weka kwenye bahasha ya kaki, mpe mjukuu asiependa usafi wa kuchomachoma vitu.